Waraka wa Thubutu

Ajenda ya kwanza: Kufungua kikao

Nchi yenyewe haipo, kwa hiyo msinisumbue kuiulizia. Ukiitafuta kwenye ramani utaambiwa ramani imepelekwa kupigwa muhuri na bado haijarudi. Mimi nilifanya kazi huko, kwenye ofisi iliyoitwa Mamlaka ya Kuidhinisha Mihuri. Kazi yetu ilikuwa rahisi kueleza. Mtu yeyote aliyetaka kuchongesha muhuri wa ofisi yake alipaswa kutuletea barua ya maombi, na barua hiyo sharti iwe imepigwa muhuri wa ofisi yake. Wengi waliishia hapo hapo getini. Tuliwasikitikia, kisha tukarudi ndani kunywa chai.

Jina langu ni Stahamili. Bibi yangu alinipa jina hilo bila kujua kwamba nitakuja kuwa katibu muhtasi. Nilikuwa naandika kila kilichosemwa vikaoni, maana katika nchi ile jambo likishaingia kwenye muhtasari na mwenyekiti akatia sahihi, basi limekuwa kweli hata kama halikutokea. Na lisiloandikwa, hata likuangukie kichwani, halijatokea.

Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba sina kinyongo na mtu. Wanaonifahamu watacheka, waacheni wacheke. Mimi naeleza tu mambo yalivyokwenda, tena kwa mpangilio wa kikao kwa sababu ndio ninaoujua, ili mfahamu kiti cha Mzee Shaweji kilichomwaje moto, na aliyekichoma akafikia wapi.

Ajenda ya pili: Safari ya Mkurugenzi

Mkurugenzi wetu aliitwa Dakta Anselimu Ngodoke. Udaktari wake ulifika kwa posta, ndani ya bahasha ya kaki, na mimi ndiye niliyeusainia. Kwa miaka minane alituongoza kwa njia ya kawaida: akipita tunasimama, akikohoa tunasema pole, akitania tunacheka kwa mpangilio wa vyeo. Lakini kipindi chake kilikuwa kinaelekea kwisha, na sheria ya nchi ilisema Waziri anaweza kumwongezea miaka mitano mingine ikiwa tu watumishi wameshirikishwa. Hilo neno kushirikishwa lilimkosesha raha mwezi mzima. Alilitafuta kwenye kamusi, akamuuliza mwanasheria, akamuuliza mpaka dereva. Mwisho akaamua kwenda kulisomea.

Alikwenda semina ya siku tisa nje ya nchi, kwenye hoteli ya kando ya ziwa. Mada ilikuwa Kiongozi Jasiri na Mtumishi Aliyechangamka. Akarudi na cheti kwenye fremu ya kioo, tabasamu ambalo hatukulizoea, na mtindo mpya wa kukushika mkono kwa mikono yake miwili asikuachie mpaka ukubali jambo.

"Kuanzia leo mimi si bosi wenu," alitutangazia tukiwa tumepangwa uani kwa urefu. "Mimi ni mwezeshaji wa ndoto zenu. Na atakayeendelea kuniita bosi nitamchukulia hatua."

Siku hiyo hiyo aliagiza mlango wa ofisi yake ung'olewe, awe kiongozi wa mlango wazi. Fundi akaung'oa. Kesho yake watu wawili wakaingia na shida zao, Dakta akashtuka sana. Mchana akawekwa mlinzi pale mlango ulipokuwa. Jioni mlinzi akapewa daftari. Kufikia Ijumaa, mtu wa kupita kwenye ule uwazi alihitaji sahihi sita, wakati enzi za mlango ulikuwa unagonga tu.

Ajenda ya tatu: Neno lenyewe

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize.

Mkufunzi wa semina alimaliza mafunzo kwa neno moja la kwao, kubwa kwenye ukuta mzima. Lilikuwa la kumhimiza mtu asiogope, ajitose, afanye. Dakta akiwa ndani ya ndege akatoa kamusi na kulitafsiri mwenyewe. Akapata: Thubutu.

Alinipa karatasi nichape, yakachorwe mabango arobaini. Nikaisoma mara mbili.

"Bosi," nikasema, "samahani, mwezeshaji. Hili neno ni zuri, ila likikaa peke yake namna hii kwetu lina mambo yake. Mama akimwona mtoto anasogelea sufuria ya moto anamwambia, haya gusa, thubutu. Na mtu akikuomba kitu usichotaka kumpa, unamwambia thubutu, na yeye anajua ndiyo basi tena."

Dakta alinitazama kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye kandambili.

"Stahamili," akasema, "unathubutuje kunisahihisha?"

Nikachapa.

Mabango yakaja, mekundu kwa maandishi meupe. Getini paliandikwa: MWANANCHI, LETE MALALAMIKO YAKO. THUBUTU! Juu ya sanduku la maoni: MTUMISHI, SEMA UKWELI WAKO. THUBUTU! Dirisha la utumishi: OMBA LIKIZO. THUBUTU! Hata kule kwenye chumba cha chai, juu ya sinia: ONGEZA ANDAZI LA PILI. THUBUTU! Andazi la pili likaacha kuliwa tangu siku hiyo.

Wananchi walikuwa wanafika getini, wanasoma, wanatazamana, wanageuza. Bibi mmoja aliyetoka mbali na barua yake alimuuliza mlinzi, "Mwanangu, kwani tumewakosea nini?" Malalamiko yakashuka kutoka mia tatu kwa wiki mpaka sifuri. Wizarani wakamwandikia Dakta barua ya pongezi kwa kumaliza kero zote za wananchi. Akaiweka kwenye fremu, jirani na cheti.

Ajenda ya nne: Uchangamfu kupimwa

Barua ile ilimpandisha mori. Ukatoka Waraka wa Ndani Namba 14, niliuchapa mwenyewe na maneno yake nayajua kwa moyo: "Kuanzia tarehe ya waraka huu, mtumishi akiulizwa jambo lolote na kiongozi atajibu Thubutu, na neno hilo litahesabiwa kuwa ni ndiyo ya moyo wote." Kila mtu akapewa nakala. Wiki moja baadaye akaagiza zote zikusanywe zichanwe, kwa sababu waraka wa kweli hukaa moyoni. Ikabaki nakala moja yenye sahihi, ikaenda masjala.

Kila asubuhi saa moja na nusu tulisimama uani, watu mia mbili na kumi na wawili, ngumi juu.

"Mnaipenda kazi yenu?"

"Thubutu!"

"Mtakuja na Jumamosi?"

"Thubutu!"

"Mnaniamini?"

"Thubutu!"

Sikuwahi kuona watumishi wakimjibu mkubwa wao kwa raha namna ile. Watu waliokuwa wanachelewa kila siku wakaanza kuwahi, wasikose swali hata moja. Mhasibu mkuu, mtu wa miaka hamsini na sita na mkimya kupindukia, alikuwa anafumba macho kabisa akijibu. Dakta akitazama zile ngumi machozi yanamlengalenga, ananiambia, "Andika, Stahamili, andika. Wamewaka hawa." Naandika.

Kisha tukagawiwa kadi za kuvaa shingoni, kila mtu kwa kiwango chake cha uchangamfu: Moto, Vuguvugu na Baridi. Aliyevaa Baridi hakuruhusiwa kukaa na wengine wakati wa chai, asije akawapoza. Na aliyefukuzwa akiwa Baridi, jina lake lilikatwa kwenye rejista ya watumishi kana kwamba hakuwahi kuajiriwa. Haagwi, haandikiwi barua ya sifa, na geti halimfungukii. Kufuta adhabu hiyo aliweza mkurugenzi peke yake. Dakta aliita utaratibu huu kutambua vipaji.

Ajenda ya tano: Kiti

Mzee Shaweji alikuwa mtu wa masjala. Miaka thelathini na moja alikaa kule chini na mafaili elfu arobaini, na alijua kila moja lilipo. Ila hakuyapanga kwa namba. Aliyapanga kwa matukio. Ukimuomba faili la mikataba anakwambia, liko kwenye mwaka ule paa lilipovuja. Ukitaka nyaraka za likizo, anafumba jicho moja, anasema ziko pamoja na msiba wa dereva Sefu. Anakwenda, anarudi nalo kabla hujamaliza kupiga chafya. Kompyuta ililetwa irithi kazi yake, ikafunikwa kitambaa, na Mzee akawa anawekea kikombe chake juu.

Kiti chake kilikuwa cha mninga, cha siku nyingi, na juu yake palikuwa na mto wa zambarau. Mto ule aliushona mkewe, Bi Hadia, kwa kipande cha kanga yake mwenyewe, mwaka mmoja kabla hajafariki, kwa sababu Mzee alikuwa analalamika kiuno. Mzee hakumruhusu mtu kuukalia. Akitoka kwenda kula aliugeuza juu chini.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu pale Dakta alipoitisha Kikao cha Maoni Huru.

"Semeni lolote," alituambia, ameketi sakafuni ili tuwe sawa, wasaidizi wamemtandikia zulia. "Hapa hakuna mkubwa. Ni mioyo tu."

 Mtu akakohoa, akaomba radhi. Ndipo Mzee Shaweji akasimama, polepole, kadi yake ya Vuguvugu ikining'inia.

"Mkurugenzi, kwa heshima," akasema. "Hili neno lililobandikwa huko nje, watu wanalisoma kama kitisho. Mwananchi anafika getini na shida yake, anarudi nayo. Mimi naliona kutoka dirishani kila siku. Naomba liondolewe, au likae na wenzake, tusiwafukuze watu."

Basi. Hakuna alichoongeza. Dakta akaachia lile tabasamu la ziwani, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Huu ndio ujasiri," akasema. "Mpigieni makofi matatu." Tukapiga matatu.

Asubuhi yake Mzee akapewa kadi ya Baridi. Siku ya tatu akapewa barua ya kufukuzwa kwa kosa la uchangamfu hasi. Na siku ya nne, Dakta akatangaza Siku ya Kuaga Fikra Mgando, ambapo samani zote za zamani zitachomwa uani. Zilikuwa samani nyingi, lakini yeye mwenyewe alishuka masjala kukitafuta kile kiti kimoja.

Mzee alikuwa amekuja kukabidhi funguo. Alipoona kiti juu ya lundo akasogea.

"Mkurugenzi, kiti ni cha serikali, kichome. Ule mto naomba nibaki nao. Marehemu aliushona kwa mkono wake."

"Mzee wangu," Dakta akasema kwa sauti ya kutusikilizisha wote, "kiongozi jasiri haangalii nyuma." Akawasha kiberiti mwenyewe. Halafu akatugeukia na ngumi juu. "Mnajisikia wepesi?"

Siku ile tulijibu kwa sauti ndogo.

Mzee hakulia. Alisimama mpaka mto ukaisha, akanisogelea. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, daftari limelowa. Akaniambia, "Stahamili mwanangu, wewe andika tu. Usiongeze neno, usipunguze." Akatoka getini, na mlinzi akalikata jina lake kwa rula.

Nikaandika: "Kiti kimechomwa, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mto pia." Mwisho wa wiki Dakta akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake. Nilimtazama akisaini na nikaona wazi kwamba nikimwacha huyu mtu apate miaka mitano mingine, Mzee Shaweji atazikwa akiitwa Baridi. Nilimchukia. Sikuwahi kumchukia mtu kiasi kile, na niliona kunanipendeza.

Ajenda ya sita: Maandalizi ya ugeni

Siku ya Waziri ikapangwa. Sheria ilitaka awaulize watumishi wenyewe, hadharani, na jibu lao liandikwe kama lilivyotoka. Dakta hakuwa na wasiwasi hata chembe. Aliongeza mabango ishirini na kuamuru mazoezi yawe mara mbili kwa siku.

Juzi yake akapita mezani kwangu akinusa hewa, kama mtu anayeingia nyumba yake mpya.

"Stahamili, Waziri hazijui taratibu zetu za hapa. Ule Waraka Namba 14 umempelekea nakala aelewe maana ya neno letu?"

Nikasimama wima. Nikainua ngumi.

"Thubutu, mwezeshaji."

"Safi sana," akasema, akaenda zake. Sikumdanganya. Ningemdanganya ningesema ndiyo.

Ajenda ya saba: Ugeni wenyewe

Waziri aliitwa Mheshimiwa Bi Tunu Kiselu, mama mfupi, mwenye miwani yenye kamba. Kabla ya siasa alifundisha Kiswahili shuleni miaka ishirini. Dakta hilo alilijua lakini hakuliona kuwa ni habari.

Bi Tunu akashuka kwenye gari, akasimama mbele ya bango la getini: MHESHIMIWA WAZIRI, INGIA NDANI. THUBUTU! Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaivaa, akasoma tena. Akamtazama mlinzi. Mlinzi akatazama juu.

"Niingie au nisiingie?" akauliza.

"Karibu, Mheshimiwa," nikasema. "Ni mtindo wetu."

Akapita, akisoma moja moja. Lile la andazi alilisoma kwa sauti, taratibu, na niliona shavu lake moja linacheza.

Dakta alihutubia saa moja na robo. Alisema kiongozi jasiri ni mshumaa, kisha akasema ni ngazi, kisha akasema ni daraja, na kwa kuwa karatasi zilichanganyika akasema tena ni mshumaa. Bi Tunu alipopewa nafasi hakupanda jukwaani. Alisimama pale pale chini.

"Sina maneno mengi," akasema. "Mkurugenzi wenu anaomba miaka mitano mingine. Nimwongezee?"

Ngumi mia mbili na kumi na moja zikaenda juu.

"Thubutu!"

Njiwa wakaruka kutoka kwenye paa. Dakta alikuwa anapiga makofi, uso unang'aa.

Bi Tunu akainamisha kichwa kidogo. "Pengine sikuuliza vizuri. Mmeridhika na uongozi wake?"

"Thubutu!"

"Mngependa abaki?"

"Thubutu!"

"Na akiondoka, mtasikitika?"

"Thubutu!" Hapo mhasibu mkuu alifumba macho, na sauti yake ilisikika peke yake hata wengine walipokwisha kunyamaza.

Bi Tunu akamgeukia Dakta.

"Dakta, mimi nimesahihisha insha za watoto miaka ishirini, na siasa nimeifanya kumi na minne. Sijapata kuona mtu amekataliwa kwa umoja namna hii."

Makofi ya Dakta yakakatika. "Hapana, Mheshimiwa. Wamekubali. Kwetu hapa hilo neno ni ndiyo."

"Kwenu hapa ni wapi? Mnazungumza nini?"

"Upo waraka, Mheshimiwa. Namba 14. Umeeleza. Ulitumiwa nakala." Akanigeukia. "Stahamili, si ulituma?"

Nikafungua daftari, nikasoma kama lilivyoandikwa. "Mkurugenzi aliuliza kama nakala imetumwa. Katibu alijibu: Thubutu."

Bi Tunu akakohoa kwenye kiganja, kikohozi kirefu. Alipomaliza, macho yalikuwa yamemlowa. "Nionyeshe huo waraka wenye sahihi," akasema, "nami nitahesabu majibu yao kuwa ndiyo, na miaka mitano utapata. Uko wapi?"

"Masjala, Mheshimiwa."

"Muite wa masjala."

Dakta akalegeza tai. "Huyo, Mheshimiwa, alikuwa baridi."

Akapewa siku saba.

Ajenda ya nane: Kutafuta

Siku ya kwanza alishuka masjala na suti. Siku ya pili alivua koti. Alitafuta kwenye W ya waraka, kwenye T, kwenye kumi na nne, kwenye N ya jina lake. Alikuta barua za miaka ya nyuma zikijibu barua ambazo zilikuwa hazijaandikwa. Vumbi likamkaa kwenye nyusi. Siku ya tatu akapanda juu, akasimama katikati ya ofisi.

"Jamani, nani anakuja kunisaidia kutafuta?"

"Thubutu!" tukajibu wote, kwa moyo, tukaenda kunywa chai. Siku hiyo watu walikula maandazi mawili mawili.

Siku ya sita akaniambia tuondoke, twende kwa Mzee. Nilichukua daftari.

Tulimkuta nyuma ya nyumba yake amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Tangu Bi Hadia aondoke alikuwa anajipikia mwenyewe. Hakukuwa na kiti kingine, kwa hiyo Dakta alibaki amesimama, viatu vyake vikizama kwenye mchanga wenye majimaji.

"Shikamoo, Mzee," akasema. Miaka minane, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza.

"Marahaba. Stahamili mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Akaendelea kukuna. Dakta akaeleza. Mara anaita ujasiri, mara anaita familia moja, mara anasema ukurasa mpya. Alisema jina la Mzee litarudishwa. Alisema kwamba wao wawili, wakitazama mbali, wote walikuwa wanajenga nchi. Mzee akageuza kifuu upande wa pili.

"Ule mto," akasema bila kunyanyua uso. "Ulikuwa rangi gani?"

Dakta akanitazama. Nikatazama daftari.

"Kijani," akasema.

Mzee akakuna mpaka kifuu kikawa cheupe kisafi. Akakiweka chini, akafuta mikono kwenye shuka.

"Mzee wangu," Dakta akasema, na safari hii sauti ilikatika kweli. "Nakuomba. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Utakuja unitafutie ule waraka?"

Mzee akamtazama. Alimtazama kwa upole tu, kama anavyotazama faili analojua lilipo.

"Thubutu," akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, wala hakuinua ngumi. Akachukua nazi ya pili, akaipasua.

Tukapanda gari kurudi. Tulipokaribia ofisini akanigusa bega. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Amesema ndiyo," akasema. Kisha akasema tena, haraka zaidi. "Kwa mujibu wa waraka, amesema ndiyo."

Angesemaje vingine? Kama lile neno la Mzee lilikuwa hapana, basi na yale ya watu mia mbili na kumi na mmoja yalikuwa hapana, na hapakuwa na cha kutafuta. Nilimwona akiipiga hesabu hiyo mle ndani ya gari, na nilitamani barabara iwe ndefu zaidi.

Ajenda ya tisa: Mengineyo

Siku ya saba Dakta aliketi kwenye hatua ya mlango wa masjala tangu saa moja asubuhi. Alivaa kadi yake ya Moto. Kila mtu akipita kwenye ukumbi, yeye anainua kichwa, akitegemea ni Mzee. Saa nne nilimpelekea chai. Haikuwa huruma, nilitaka kumwona kwa karibu.

"Atakuja, eh?" akaniuliza.

"Si amesema mwenyewe," nikamjibu.

Saa tisa na nusu kengele ikalia, watu wakaenda nyumbani wakimruka miguu. Barua ya Waziri ilifika asubuhi iliyofuata, mistari mitatu. Dakta Ngodoke hakuongezewa. Alipangiwa kuwa msimamizi wa ghala la mihuri mibovu katika wilaya ya mbali kabisa, mahali ambapo hakuna mtumishi hata mmoja wa kushirikisha. Alipokuwa anabeba fremu zake, alisimama pale mlango wake ulipokuwa, akatafuta cha kufunga, hakukipata.

Bi Tunu alinikaimisha kwa muda kiti cha ukurugenzi mpaka apatikane mtu. Nilifanya mambo mawili tu. Mabango yote sitini niliyashusha, tukayafanya ya kufungia maandazi. Na jina la Mzee Shaweji nililiandika upya kwenye rejista, kwa kalamu nyekundu.

Ajenda ya kumi: Kufunga kikao

Mzee alirudi Jumatatu. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na tisa astaafu. Mlinzi alimfungulia geti mbawa zote mbili kama anayepitisha lori.

Nilikuwa nimemshushia masjala kiti cha Dakta, kile cha ngozi. Akakizunguka, akakibonyeza, akakaa. Kikayumba, mguu mmoja ulikuwa mfupi. Miaka minane yule bwana alikuwa anayumba na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Ngoja," Mzee akasema. Akafumba jicho moja. Akaenda rafu ya tatu, kwenye faili la mvua ile iliyobomoa choo cha wageni, akachomoa karatasi moja. Hakuchukua hata nusu dakika. Akaisoma mpaka chini kwenye sahihi, Waraka wa Ndani Namba 14, akaikunja mara nne, akainama akaichomeka chini ya mguu wa kiti. Akakaa tena. Kikatulia.

Mkono wake ukapapasa pale ambapo mto ungekuwa.

"Stahamili mwanangu," akasema. "Mtu kishapata lake. Umeshamsamehe yule bwana?"

Nikamjibu kwa mujibu wa waraka aliokuwa ameukalia.